Siku Nilitangaza Konseri na Sauti ya Kilio

Mimi niko na sauti moja tu, na mutaa wetu wote, Cimpunda, wanaijua. Haiko juu ya uzuri wake. Wanaijua juu ni ile sauti yenye inapitaka ku ngazi asubuhi, na megafoni, kuwaambia nani alikufa na kilio iko wapi.

Mwenye hajafika kwetu nimueleze kidogo. Cimpunda nyumba zimebebana. Bati ya huyu njo kizingiti ya yule. Gari haiingie, njia ni ngazi za udongo na mawe, na mvua ikipiga unashuka na makalio. Kwa hiyo tangazo inaomba mutu wa miguu. Mimi nilikuwa fundi wa kujenga kuta za mawe, zile zenye zinazuia kilima kisikuje kulala ndani ya nyumba za watu, na miguu yangu inajua kila ngazi, zingine nilizijenga mwenyewe. Siku moja chef wa avenue, mukubwa wa njia yetu, alinisikia niko chini naita watu wangu wa kazi walete muchanga, wao wako juu kabisa, na walisikia. Alisema, "Papa, wewe hata megafoni hauna lazima nayo. Lakini kamata." Njo vile nilianza. Hakuna mutu aliniuliza kama napenda.

Kuko namna ya kuitangaza. Unakohoa mara mbili, watu wajue ni wewe. Kisha unasema polepole, "Wandugu na wajirani, tunawajulisha." Pale unangoja kidogo. Maman mwenye alikuwa anasonga bugali anaacha mwiko mu sufuria. Kisha unasema jina, unasema nyumba, siku na saa, na mwishoni unamalizia, "Korale itaimba. Mukuje wengi." Na wanakuja. Cimpunda mutu hakufe peke yake. Hata mwenye alikuwa mubaya, mwenye alikuwa anapigana na kila mutu ku robinet ya maji, akikufa watu wanajaza kiwanja. Wanaleta makala ya kuwasha moto, unga, maharagi, na ile sufuria kubwa ya kupikia watu wengi. Wanatoa viti inje, wanaipanga muviringo, wanakaa.

Ile kazi iko na ubaya wake. Mutu akiniona na megafoni mukononi, hata kama naipeleka kwa mutu wa kutengeneza, anashika kifua. Nilianza kuibeba ndani ya mufuko wa unga. Nyuma ya miezi mbili, hata mufuko walishaujua. Kulikuwa muzee mumoja, mugonjwa wa siku nyingi, kila mara napita mbele ya mulango wake analalamika toka ku kitanda, "Pita, pita! Mimi ningali!" Nilikuwa nacheka. Lakini nilianza kuzunguka njia ya ku robinet, yenye iko ndefu, ili nimuache apumuzike.

Siku bibi yangu wa ndoa alikufa, mimi mwenyewe njo nilitangaza. Watu walisema niache mutu mwengine. Mutu gani? Nilikohoa mara mbili, nilisema jina yake, nyumba yetu, siku na saa. Sauti haikutetemeka. Wengine walisema huyu muzee iko na moyo ya jiwe, fundi wa mawe alishakuwa jiwe. Haikukuwa vile. Sauti ilishazoea ile njia, ilienda peke yake, mimi nilibaki nyuma. Nililia kisha, ku nyumba, wakati niliona viatu yake ya plastiki ku mulango, imeangalia ndani, sawa vile aliingia tu kuchukua kitu.

Naongea mambo ya vifo na nilisema ni habari ya konseri. Nakuja.

Mu korale ya parokia naimba besi. Niliingia nyuma ya kilio ya bibi yangu. Walikuja kumuimbia siku tatu, na walipomaliza na kuenda, nyumba ilinyamaza vibaya. Mimi niliwafuata. Kwa kweli njo vile tu, niliwafuata sawa mutu mwenye anafuata moto. Ile karatasi ya do na re mimi sijui kuisoma. Shule niliacha mwaka wa pili, na hata haya naandika, naandika vile napangaka mawe: moja, naangalia, kisha ingine. Ku besi nakaa karibu na fundi wa viatu mumoja. Yeye anasoma, mimi naweka sikio. Akikosea, tunakosea wawili.

Mwenye anatuongoza ni maman mumoja anauza vitenge ku soko ya Kadutu. Sisi tunamuita maestro. Hana kile kijiti chembamba cha kuongozea, iko na metre ya mbao, ile ile yenye anapimia vitambaa. Ikigonga mara moja ku kiti, watu wote wananyamaza, hata soprano, na soprano hawanyamazake. Ukishusha sauti anakuja mbele yako, anaweka metre ku bega, anaangalia namba, anasema, "Papa, hapa unapunguka sentimetre mbili." Watu wanacheka. Lakini mara ya pili hauishushe tena.

Sasa jambo ilikuwa hii. Ku kilio tulikuwa tunaimba mbele ya watu wengi kabisa. Ku konseri, hakuna. Tulifanya moja mu salle, nyumba ya mikutano ya parokia, kuingia bure, tulibandika affiche nzuri, karatasi za tangazo, ku mulango wa parokia na ku soko, yenye kuandikwa Kifaransa. Mvua ilikula zingine, mbuzi ikakula zingine. Siku yenyewe walikuja watu kumi na moja. Wane walikuwa mabwana wa bamaman wa alto. Mumoja alikuwa mulinzi, alikuja kuuliza tutamurudishia ufunguo saa ngapi. Tuliimba nyimbo kumi na mbili mbele ya viti. Naweza kukuambia kiti tupu inakuangaliaka vibaya kupita mutu.

Maestro alisema neno lake mwaka uliofuata, wakati tulianza kutayarisha konseri ya pili. Alishika metre na mikono miwili, mbele yetu sote.

"Munisikilize. Mara hii viti ikibaki tupu, hii metre inarudia ku meza ya vitenge na huku haitarudi. Ku kilio mutaimba, kila mutu anajua nyimbo za kilio. Lakini mazoezi, sauti ine, karatasi, basi. Mimi sikuzaliwa kuimbia kuta."

Hakuna mutu alicheka. Mimi nilihesabu ndani ya roho. Siku ya ine, ile Alhamisi, saa kumi, mazoezi: njo siku yangu. Siku zingine zote zinakuwa mbele yake ao nyuma yake. Korale ikikufa, mimi nitabaki na megafoni peke yake.

Tulianza kutafuta namna ya kuita watu. Mumoja alisema radio. Walimujibu radio siku hizi watu wanasikiliza habari, habari ikiisha wanazima. Mwengine alisema affiche. Fundi wa viatu akasema, "Ile ya mwaka jana mbuzi walisema ilikuwa na chumvi kidogo." Njo mimi nilinyoosha mukono.

"Mimi niko na megafoni."

Walipiga makofi! Watu makumi tatu, na vichwa yao makumi tatu, na hakuna kichwa hata moja ilifikiri. Maestro mwenyewe alisema, "Papa, kumbe dawa ilikuwa inakaa mu besi." Nilirudi ku nyumba natembea sawa mutu wa miaka makumi tatu.

Siku ya tano, Ijumaa mbele ya yenga, ile Jumapili ya konseri, maestro alifunika meza yake ya vitenge na bashi ya plastiki, akapanda ku mutaa wa Bagira kwa dada yake. Kule njo kuko mashine ya kushona, na kanzu zetu za bluu zilikuwa bado kuwekwa mikono. Alisema atarudi na kanzu siku ya yenga mchana. Na mimi ile siku ya tano, asubuhi, nilitoa megafoni ndani ya mufuko.

Nilikohoa mara mbili. Unataka nifanye namna gani? Mimi bila kukohoa sauti haifunguke.

"Wandugu na wajirani, tunawajulisha." Nilingoja kidogo. "Siku ya yenga, saa tisa, ku salle ya parokia. Konseri ya bure. Korale itaimba. Mukuje wengi."

Nilipita ngazi zote, siku ya tano na siku ya sita. Na nilifurahi, sitadanganya. Mwaka wa affiche hakuna mutu aligeuka. Sasa naona watu wanasimama. Naona papa mumoja anatoa kofia. Naona bamaman wanaacha kazi na kuweka mukono ku kichwa. Mimi nilisema mu roho yangu, hawa watu wanapenda muziki, ni sisi tu hatukujua kuwaita.

Pale ku ngazi ya katikati kuko maman mumoja anauza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa letu. Aliniuliza na sauti ya chini.

"Saa tisa, papa?"

"Saa tisa."

"Na korale itaimba?"

"Yote. Sauti ine."

"Mungu wangu," akasema, na akafunika kinywa na kitenge.

"Usikose, maman."

"Nitakosaje, papa? Nitakosaje?"

Niliona ni maman wa heshima sana.

Siku ya sita jioni fundi wa viatu aliniuliza watu wanapokea namna gani. Nilimujibu, "Wanapokea vizuri kabisa. Hakuna hata mumoja mwenye anacheka."

Utasema, huyu muzee ni mujinga. Ni sawa. Lakini ujue namna watu wa kwetu wanasikiliza. Wakisikia kukohoa kwangu, masikio inajaa mara moja, maneno ya nyuma inakosa nafasi. Wanashika siku, saa, na fasi ya kuenda. Ile neno konseri ilipita sawa upepo. Na kama jina imekuponyoka, hauulizake mutangazaji, ni haya, utaonekana haukumujali mwenye kukufa. Unauliza jirani. Na jirani naye jina haikumushika, lakini hawezi kusema hajui. Tena miaka hii yenye tunaishi, sikio inaenda kwanza ku ubaya. Furaha inaomba kuelezwa mara mbili. Ubaya, ukikohoa tu watu wameshaelewa.

Siku ya yenga, saa saba, tulipanga viti ndani ya salle. Mistari mizuri, niliinyoosha na uzi ya fundi. Saa nane tulikuwa ndani ya chumba kidogo cha pembeni, kuna dirisha inaangalia njia. Kanzu hazijafika. Maestro hajafika. Tulipiga simu, haipite. Mvua ilipiga asubuhi, Bagira na kwetu, tulisema ni matope inamuchelewesha.

Kisha fundi wa viatu aliita, "Mukuje muone!"

Watu walikuwa wanapanda. Kwanza wawili, watatu, kisha mustari, kisha njia nzima imejaa. Mimi machozi ilinitoka. Fundi wa viatu alinikumbatia akasema, "Muzee, hii sauti yako inaomba bima." Tuliangalia ile mustari sawa watu wenye wanaangalia mavuno yao inajileta nyumbani peke yake.

Nafikiri mimi njo wa kwanza kuona sufuria. Ilikuwa ile kubwa, nyeusi, juu ya kichwa ya maman wa sambaza. Nilisema, huyu anatoka pahali. Kisha niliona mutu na mufuko wa makala. Kisha watu wawili na kuni. Nilimuuliza fundi wa viatu, "Ku konseri wanaendaka na kuni?" Alikuwa anaangalia ku salle. Wanaume walikuwa wanatoa viti yetu inje, moja moja, pole pole, na kuipanga muviringo mu kiwanja.

Njo maman wa kwanza alipiga kelele ya kilio.

Nilitoka. Nilifika kwa maman wa sambaza, alikuwa tayari ameweka mawe matatu na anapuliza moto. Alisimama, akanishika na mikono yote miwili.

"Pole, papa. Pole sana. Mumebaki yatima."

"Nani, sisi?"

"Korale yenu. Maman wa vitenge! Na meza yake imefunikwa toka siku ya tano, sisi tunapita tu, hatujui kumbe amelala."

Sasa nitasema kitu yenye naona haya kuandika. Mimi niliamini. Mimi mwenyewe! Simu haipite, hajafika, kanzu hazijafika, na watu mia wanalia. Mutu atasimama namna gani mbele ya watu mia wenye wanalia na kusema haiko kweli? Nilikaa chini mu matope, na kitu ya kwanza nilifikiri haikukuwa hata yeye, Mungu anisamehe. Nilifikiri siku ya ine, saa kumi, nitaenda wapi. Kisha nilimuona na metre yake ku bega yangu, sentimetre mbili, na nililia kwa sauti. Miaka yote natangaza vifo vya watu, na ya huyu njo nilisikia wa mwisho. Na soprano walitoka, wakanikuta nalia, nao wakaanguka. Alto wakafuata. Ilikuwa kilio kubwa, kusema kweli. Nimeona nyingi, na ile ilikuwa ya watu wakubwa.

Muda gani, sijui. Maharagi ilikuwa imeanza kuchemka.

Na pale juu ya njia, naona mutu anakuja mbio, mufuko kubwa ku kichwa, matope mpaka ku magoti, na fimbo ndefu mu mukono. Anakuja anagombana peke yake, na ile njia, na wenye gari, na Bagira yote. Alifika mu kiwanja. Aliona moto, aliona viti, aliona watu. Aliweka mufuko chini, akafunga kitenge ku kiuno, na akauliza na huruma kabisa:

"Wapendwa, nani njo alikufa?"

Maman wa sambaza njo alikuwa karibu.

"Ni wewe, maman," akasema.

"Mimi?"

"Wewe."

Maestro alijiangalia. Aliangalia mikono, aliangalia miguu yenye matope. "Nani njo alisema?"

Na pale, watu mia, mikono mia, yote ilinyooka kwangu.

Alikuja. Mimi ningali chini. Aliweka metre ku bega yangu, na mimi nilishika ile metre na mikono miwili. Ilikuwa ya mbao ya kweli, ilikuwa na matope, haikukuwa ndoto. Sikutaka kuiachilia.

"Papa," alisema, "simama. Uliwaambia nini? Sema sawa vile ulisema."

Nilisimama. Nilikohoa mara mbili, na bamaman wawili mbele yangu waliweka tena mikono ku kichwa. Nilisema yote. Wandugu na wajirani, tunawajulisha. Siku. Saa. Fasi. Korale itaimba. Mukuje wengi. Njo mara ya kwanza mu maisha yangu nilijisikia vile wengine wananisikia. Mimi mwenyewe ningeleta makala.

Kisha sauti moja ilitoka nyuma, nyembamba, ya muzee mwenye kushikiliwa na fimbo mbili. Ilikuwa yule mugonjwa wa siku nyingi. Alikuja kuona nani alimutangulia.

"Siku zote anatafuta mimi," akasema. "Leo amekosa hata mutu!"

Maestro njo alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa ku mufuko wa kanzu. Na watu wakaanza, na ile haikukuwa kicheko ya mizaha. Ilikuwa ya watu wenye walibeba kitu kizito siku mbili, juu ya ngazi, na wakaambiwa weka chini, haiko yako. Bamaman walikuwa wanamushika maestro ku mashavu, ku mikono, wanamuzungusha. "Ni yeye! Ni moto, ni mutu!" Maman wa sambaza alimupiga kofi ndogo ku mukono. "Umeniliza bure, wewe! Niliacha samaki yangu juani!"

Lakini papa mumoja alianza kukunja mukeka wake. "Basi, kama hapana mutu alikufa, turudie." Na wengine waliangalia sufuria zao. Niliona maestro ameacha kucheka. Macho yake ilienda ku salle, na mulango ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa hata kiti moja. Nilijua anafikiri nini. Mimi pia.

Alisimama juu ya kiti mu kiwanja.

"Munisikilize! Mulikuja kunililia, kweli ao uongo?"

"Kweli!"

"Mungekaa mpaka saa ngapi?"

Maman wa sambaza alijibu, "Mpaka kesho, na kesho kutwa."

"Basi mimi marehemu naomba saa moja tu. Murudishe viti yangu ndani, muingie, munisikilize ningali na masikio ya kuwasikia mukipiga makofi. Na siku nitakufa kweli, mwenye hakuingia leo asikuje na kuni yake."

Yule papa wa mukeka alisimama kidogo. Kisha akachukua kiti, akaiweka ku kichwa, akaingia. Njo wote wakaingia. Viti haikutosha. Walikaa chini, walikaa ku madirisha, yule muzee tulimuweka mbele kabisa, karibu na besi, na aliniangalia vibaya mpaka wimbo wa tatu.

Tulivaa kanzu za bluu juu ya matope. Metre iligonga. Nyimbo zilikuwa zile zile za mwaka wa viti tupu, sauti ine, karatasi ile ile. Lakini ukuta ukiuimbia inakurudishia sauti yako, basi. Mutu anaongeza yake. Ku wimbo wa pili tayari walikuwa wanaimba nyuma yetu, na maestro aligeuka na kuwaongoza wao pia, na metre iliwaonyesha, hapa bamaman, hapa bapapa. Mimi nilikosa kuingia mara mbili juu nilikuwa namuangalia tu kama iko anapumua. Alinionyesha na metre bila kugeuka. Iko na macho ku kisogo.

Tulipomaliza, maman wa sambaza alinivuta pembeni. Alikuwa na macho nyekundu, lakini sasa haikukuwa ya kilio.

"Papa, munajua munatuimbia toka zamani? Kwa bwana yangu muliimba. Kwa mama yangu muliimba. Na mimi sikuwahi kusikia hata wimbo moja. Niko nalia, nitasikia wapi? Leo njo nilisikia. Kumbe ni vizuri vile!"

Nilifikiri siku tatu walimuimbia bibi yangu. Mimi pia sikukumbuka hata wimbo moja ya zile siku.

Inje maharagi ilikuwa tayari, haikuambiwa kama hapana mutu alikufa. Tulikula sote mu kiwanja, ku ile muviringo ya viti, jua ingali juu. Mutu alicheza. Mutu mwengine alimuuliza maestro kama kule kwa wafu aliona jamaa yake, na alijibu, "Nilimuona, anasema umurudishie sururu yake." Nilicheka mpaka nikakohoa, na watu wote wakageuka mara moja kuniangalia, na ikaomba niape kwamba ni pilipili.

Wakati watu walianza kushuka, maestro aligonga metre ku sufuria tupu.

"Korale! Siku ya ine, saa kumi. Mwenye atachelewa nitamupima."

Sijawahi kusikia neno tamu kupita ile. Kisha alinikaribia, akafuta metre na kona ya kanzu yake.

"Na wewe, papa. Toka leo, mutu akikufa, unasema. Konseri, unaimba. Umesikia?"

Fundi wa viatu njo alinitengenezea kawimbo, noti tano tu, zenye hata mutu wa mwaka wa pili anaweza. Tangazo ya konseri ingine niliiimba ku ngazi zote, besi, ndani ya megafoni, bila kukohoa. Ilikuwa kazi, ile kukohoa inataka kutoka peke yake. Ku mulango ya yule muzee nilipita bila kuzunguka. Alitoa kichwa ku dirisha, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ninapunguka kidogo ku noti ya mwisho.

Ku ngazi ya katikati maman wa sambaza alikuwa anasonga bugali. Alinisikia, akaacha mwiko mu sufuria. Alingoja nimalize.

"Papa. Hapana mutu?"

"Hapana mutu, maman."

"Kweli?"

"Kweli. Ni nyimbo tu."

Alipumua. Alishika tena mwiko, akasonga mara mbili, kisha akaniita ningali ku ngazi ya chini.

"Papa! Na ile sufuria kubwa, nilete?"

"Lete," nilisema. "Na maharagi."